Togwa ya Palizi

Desemba 9

Tumehamia shamba. Kutoka Kibaoni tumepanda trekta mpaka kivukoni, tukavushwa kwa mtumbwi, kisha miguu kwenye tope mpaka hapa. Eustaki, mume wangu, alibeba jembe na redio. Mimi nilibeba vyote vilivyobaki. Binti yetu Violeth nilimkataza kubeba hata sufuria kwa sababu ana mimba, na shangazi yake Agnetha akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba siku hizi watoto wa watu wanabebwa kama mayai. Agnetha ni dada yake Eustaki. Shamba lake limepakana na letu, kibanda chake kinatazamana na changu, na mimi sikuulizwa.

Violeth hii ni mimba yake ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Angekuja baadaye, ila alikuwa anatapika sana, na mumewe Clinton anaendesha trekta huko Mngeta, hashindi nyumbani. Clinton alipomleta aliniambia, "Mama, nakukabidhi wawili." Nikamjibu kwa majigambo kwamba wawili atawakuta. Sasa wawili hao nimewaleta kwenye kibanda cha nyasi katikati ya bonde. Kumwacha mjini peke yake siwezi, na tusipolima hatuli.

Naandika kwa sababu huku hakuna wa kunisikiliza. Eustaki anasikiliza redio.

Desemba 12

Maji. Kila mwaka ugomvi wetu ni huo huo. Mto uko hapo chini tu. Bonde zima linauchota, linaoga humo, linafua humo, ng'ombe wa wafugaji wanaingia humo huko juu, na asubuhi kila mtu anakwenda vichakani pembeni yake, maana hakuna shamba lenye choo. Ukiuliza unajibiwa kwamba tuko hapa kwa msimu tu. Msimu ni nusu ya mwaka, na mimi nimekuja kila mwaka tangu niolewe.

Kisima cha pampu kipo, mradi fulani ulikichimba kwenye njia ya ng'ombe. Maji yake ni salama na hakuna anayeyataka. Yana kutu. Chai inakuwa nyeusi, wali unatoka na rangi ya matofali, na shuka jeupe ukilifulia huko umeagana nalo. Agnetha anasema hawezi kumwekea mgeni wali wa matofali mezani, kana kwamba ana meza. Basi pampu iko peke yake huko, na sisi sote tuko mtoni.

Mimi nachemsha. Eustaki anasema maji yaliyochemshwa yamekufa. Anachota kwa kopo, anakunywa akinitazama, anapangusa mdomo. "Mama Violeth, baba yangu alikunywa haya haya mpaka akazeeka." Nikamkumbusha kwamba wadogo zake watatu hawakufika hata kuota meno. Hapo akafungua redio.

Desemba 20

Eustaki amechimba choo, baada ya mimi kugoma kupika. Shimo lilipofika kiunoni likajaa maji. Alikuja mbio kuniita nikalione. Amefurahi kweli kweli.

Desemba 25

Noeli. Misa kigangoni, Mzee Hermenegildi akaongoza nyimbo kwa sauti yake ile ya kuamsha maiti. Kuku na wali. Violeth amekula na hakutapika.

Januari 8

Mpunga umeota vizuri.

Januari 15

Mashamba ya juu walipulizia dawa ya magugu, kisha wakaosha mabomba yao mtoni. Mchana samaki wadogo wakaanza kupita wakielea. Agnetha aliokota beseni zima, akakaanga, akatuletea sahani na tabasamu lake. Niliimwaga palepale mbele yake. Agnetha akasema nimemtukana, na Eustaki akasema nimemtukana dada yake. Violeth alitaka kucheka, akainamisha kichwa.

Januari 27

Mvua.

Januari 28

Mvua. Kuni zote zimelowa. Ndoo moja ya maji imekula asubuhi nzima na macho yangu yamevimba kwa moshi. Agnetha alipita akasema, "Wifi, unapika maji kwa mboga gani?" Wakacheka, hata Eustaki. Nilitamani kumrushia kijinga cha moto.

Februari 6

Mtoto amecheza. Violeth aliukamata mkono wangu akauweka tumboni, na mimi nikasahau jembe, nikakaa hapo kwenye tope kama mwehu. Agnetha naye akaja akauweka wa kwake bila kuomba. Akasema ni wa kiume, ana teke la watu wa kwao. Nikamwacha.

Februari 18

Jumatano ya Majivu. Leo nimesema na Eustaki. Palizi ya pili ikiisha, mimi na Violeth tunarudi Kibaoni kukaa karibu na hospitali mpaka ajifungue. Mto ukijaa huku hakuna njia ya kutokea, na sitaki mjukuu wangu azaliwe kwenye nyasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akakubali mara moja. "Tualike watu, tumalize palizi kwa siku moja. Mkishaondoka nitabaki na Agnetha kuamia ndege wasile mpunga."

Basi itakuwa kazi ya kualikana. Unapika togwa, watu wanakuja kukulimia, na wewe zamu yao ikifika unakwenda. Hakuna anayelipwa. Lakini ole wako togwa iishe watu wakiwa bado mistarini. Jina lako litatembea bonde zima, na mwaka unaofuata utapalilia peke yako.

Machi 3

Mto umepanda mpaka kwenye mashina ya matete. Maji yamekuwa mekundu na yana povu.

Machi 13

Nimekoroga togwa. Uji umechemka mpaka umeniunguza mkono, nikautia kimea cha ulezi, nikafunika mitungi yote. Maji ni ya mto kwa kuwa ya pampu yangeipaka rangi na watu wangesema nimewanywesha tope, ila yamechemka, nimeyasimamia mwenyewe. Hakuna mtu atakayeumwa kwangu.

Machi 14

Siku njema kuliko zote msimu huu. Tuliwaalika majirani, wakaja na jamaa zao, na wa mashamba ya juu nao wakasikia wakaja. Mzee Hermenegildi alisimama mstari wa mbele akaanzisha wimbo, majembe yakafuata. Gasper, jirani yetu wa upande wa pili, alimtania kila alipopumua kwamba ameshazeeka, amwachie yeye. Mchana nilihesabu vichwa, nikafikiria mitungi, nikajua togwa haitoshi. Nilikuwa mbali huko mwisho wa shamba, nikaona aibu inakuja ninaitazama.

Haikuisha. Kata zilizidi kuletwa mpaka mstari wa mwisho. Agnetha na Violeth ndio waliokuwa kwenye mitungi. Watu waliondoka wakisifu, na Mzee Hermenegildi akasema togwa ya Domitila ina ukarimu. Jioni nilimwendea Agnetha nikamshukuru, kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao. Akasema, "Haya, wifi," akaendelea kuosha mitungi.

Palizi imekwisha. Tunaondoka keshokutwa.

Machi 15

Jumapili. Mwenye mtumbwi amesema maji yana nguvu, tungoje kidogo. Mizigo imefungwa. Kigangoni nyimbo zilikuwa hovyo kwa sababu Mzee Hermenegildi hakuja. Wanasema tumbo.

Machi 16

Mzee Hermenegildi amefariki. Jana asubuhi alikuwa mtu, leo asubuhi alikuwa ngozi na mifupa, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana. Kilichokuwa kinamtoka kilikuwa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mkewe alikuwa anamnywesha maji ya mto kwa kijiko, na yote yalirudi. Gasper naye ameanza. Na kule juu kuna wengine.

Kila mtu analijua jina lake na hakuna anayelitamka. Mimi ninaliandika: kipindupindu.

Machi 17

Nimeamka nikiwa na swali moja na nimeshinda nalo mpaka limenitoka. Agnetha alikuwa anaanika kanga. Eustaki alikuwepo, mke wa Gasper alikuwepo, amekuja kuomba chumvi ya kumtengenezea mumewe maji. Violeth alikuwa mlangoni.

"Wifi, ile togwa ilitosha vipi?"

Akaacha kuanika. "Ilitosha tu."

"Nauliza ilitosha vipi. Watu walikuwa zaidi ya mara mbili ya niliowapikia."

Nilimwona anamtazama Violeth, kisha ananitazama mimi. "Nilizimua," akasema.

"Kwa maji gani?"

"Ya mtoni. Watu walikuwa na kiu, wewe uko huko mbali. Ulitaka nifanyeje, mitungi ikauke?"

Sijui nilisema mangapi. Nilisema ameua mtu. Nilisema uchafu wake naujua tangu siku ya samaki, kwamba tangu nimeingia kwenye ukoo huu sijaona mkono mchafu kama wake. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa mashamba ya pili wakasimama. Hakunijibu hata neno, na Agnetha si mtu wa kukosa jibu. Violeth aliingia ndani ya kibanda. Mke wa Gasper aliondoka bila chumvi.

Jioni bonde zima lilikuwa linajua kwamba ugonjwa umetoka kwenye togwa yangu.

Machi 18

Violeth ameanza.

Machi 24

Naandika nikiwa kwenye baraza la shule ya msingi ng'ambo ya mto. Madarasa wameyafanya kambi ya wagonjwa. Watoto wamefukuzwa kwenda nyumbani na mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyaga. Nikiacha kuandika leo sitaandika tena, kwa hiyo naandika.

Alianza kabla ya jua kuchomoza. Mara ya kwanza nilijidanganya ni tumbo la mimba. Mara ya tatu hakuweza kuinuka. Mwenye mtumbwi alikataa kuvuka, akasema mto unapitisha magogo, na mgonjwa wa aina ile hambebi. Eustaki alimshika shati. Sijawahi kumwona mume wangu akimshika mtu shati. Yule mtu akaacha mtumbwi na pondo akaondoka zake, na Eustaki akashika pondo mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuvusha hata mbuzi.

Nilitaka kukaa nyuma na Violeth. Agnetha alikuwa ameshaingia, amekaa chini kwenye maji ya mtumbwi, amemlaza mapajani. Nikamwambia ashuke. Akasema, "Nitukane ukifika ng'ambo." Basi tukavuka hivyo, Eustaki akisukuma na kulia, mimi nikitoa maji kwa kopo, Agnetha akimpangusa kila kilichotoka, juu na chini, kwa kanga zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila iliyochafuka akaikunja akaiweka chini ya miguu yake. Niliona hazitupi mtoni.

Katikati ya mto Violeth akasema ana kiu. Maji pande zote, na sikuwa na tone la kumpa mwanangu. Yale niliyochemsha yalikuwa yamekwisha njiani. Akaomba tena. Alikuwa ananyoosha mkono kuyagusa, na Agnetha akawa anaurudisha mkono ndani, taratibu, tena na tena.

Kambini walimchoma dripu pande zote mbili. Nesi alikuwa msichana mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima tumbo, akahamisha kile chombo chake cha kusikilizia mapigo, akapima tena. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Mama, ngoja kwanza tumwokoe huyu." Hapo nikajua.

Mtoto alizaliwa kesho yake mchana. Wa kiume, kama Agnetha alivyosema. Alikuwa amekamilika, hata nywele. Sikuruhusiwa kumbeba. Watu wa afya walimfunga kwenye plastiki, wakamnyunyizia dawa, wakamzika nyuma ya uwanja wa mpira pamoja na wengine. Niliomba wamwachie Violeth amwone. Walikataa, na mmoja wao alikuwa analia huku anakataa, basi nikashindwa hata kumchukia. Hakuna ubatizo kwa mtoto wa namna hiyo. Hana jina.

Clinton alikuja juzi. Alisimama nje ya kamba waliyoifunga, kofia mkononi. Alisema, "Shikamoo, mama." Nikamwitikia. Tukasimama. Ni kijana mwenye adabu, hakuniuliza kitu chochote, na ningefurahi kama angeniuliza.

Aprili 5

Pasaka. Kibaoni. Violeth anakula, anajibu akiulizwa. Maziwa yamemtoka na hana wa kumnyonyesha. Nimemfunga kifua kwa kitambaa, yeye ametazama ukuta.

Aprili 11

Bwana afya ameitisha mkutano kivukoni. Anaitwa Salvatory, kijana wa hapahapa. Alisoma karatasi: maji ya mto yamepimwa, yana vimelea vya kipindupindu, na kwa hiyo ni marufuku kuyatumia kwa kunywa na kupikia.

Gasper amepona, amebaki mwembamba. Akanyoosha mkono. "Sasa sisi wa shamba tunywe yapi?"

"Ya kisima cha pampu."

"Kisima kimefunikwa na mafuriko, bwana afya. Kinaonekana mpini tu."

"Basi chemsheni."

"Na kuni kavu tutoe wapi mwezi huu?"

Salvatory aliikunja ile karatasi. Akagawa vidonge vya kutia kwenye maji. Vilikuwa vichache, waliokuwa nyuma hawakupata.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Akaniamkia. Nikamuuliza, "Mwanangu, hao wa juu, nani atawaambia waache kujisaidia mtoni?"

"Nimewaambia mwaka jana, mama. Na mwaka juzi."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wako pale kwa msimu tu." Alijaribu kutabasamu. "Mwakani nitawaambia tena."

Nilikuja na hasira zangu zote nimpe, nikarudi nazo nyumbani.

Aprili 19

Nilichojifunza: huko juu wamekufa watu ambao hawakuonja togwa yangu, na waliugua kabla ya siku ile ya palizi. Salvatory ameniambia. Nimewaambia watu. Hakuna anayetaka kusikia. Togwa inaweza kususiwa. Mto hauwezi.

Kwenye jumuiya, Agnetha alipokaa benchi lote likahama. Akabaki peke yake na rozari yake. Mimi nami nilihama. Anastahili.

Aprili 28

Tumerudi shamba. Mpunga umeanza kushika na ndege hawana msiba. Violeth amekataa kubaki mjini, na Clinton hajaja kumchukua. Ametuma salamu.

Eustaki sasa anakunywa maji ya kuchemsha. Sikumwambia. Anachota kwenye ndoo yangu akiwa amenipa mgongo, halafu anarudi kazini. Redio haifungui.

Mei 2

Ndege.

Mei 3

Ndege. Vidonge vimekwisha.

Mei 10

Violeth alipanda dunguni ninakoamia ndege, asubuhi, kuniletea uji. Hakushuka. Alikaa, akatupa mawe mawili matatu kwa ndege, kisha akasema, "Mama, si shangazi."

Nikadhani anasema habari ya ndege.

"Niliyezimua ni mimi. Shangazi alikuwa amekwenda kuni. Kata zilirudi na mtungi umebaki mashapo matupu. Nikakuona kule mwisho, umesimama na jembe, unatazama huku. Nikajua unawaza aibu. Nikachukua ndoo nikashuka mtoni. Nikasema ni kidogo tu, na togwa ilishachemka." Akatupa jiwe jingine. "Nikaonja kama bado tamu."

Shangazi yake alirudi akamkuta anakoroga. Alimwambia neno moja tu: "Ukiulizwa, ni mimi."

Nilimwangalia mwanangu na sikuwa na hasira hata ya kuazima. Nilimkumbatia, naye akalia kwa mara ya kwanza, na ndege wakala mpunga wanavyotaka.

Jioni nikavuka kwenda kwa Agnetha. Alikuwa anapeta dagaa. Nikachuchumaa karibu naye.

"Kwa nini, wifi?"

Aliendelea kupeta. "Alikuwa na mimba. Ulitaka wamfanye nini?"

"Na baada ya mimba kutoka?"

"Hapo ndipo zaidi. Clinton angemchukua mwanamke aliyemuua mtoto wake kwa mkono wake? Ndivyo watakavyosema."

"Mimi nilikutukana mbele ya watu."

"Wewe hunipendi tangu zamani. Haikuongeza kitu." Akacheka kidogo, kisha akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilidhani watasahau, wifi. Sikujua watakaa nalo hivi."

Nilimwambia nitasimama kigangoni nitangaze ukweli. Akaweka ungo chini. Akasema nikifungua mdomo, hatanisamehe mpaka kaburini, na Violeth hatakuwa na mahali pa kwenda. Nikatafuta namna ya kumwosha Agnetha bila kumchafua mwanangu. Sikuipata. Nimeitafuta mpaka sasa ninapoandika, na haipo. Yule mwanamke niliyemdharau maisha yangu yote ataubeba mzigo huu, na mimi nitanyamaza, kwa sababu aliyepona ni mwanangu.

Nilikula dagaa wake. Nilikula sahani nzima.

Mei 21

Pampu imeibuka kwenye maji. Mpini umekatika. Salvatory amesema ataandika.

Juni 2

Mavuno. Walikuja kutuvunia kwa kuwa tulikuwa na zamu na kila mmoja wao, na zamu haivunjwi hata na msiba. Lakini walituma neno kwanza: wakimwona Agnetha, wanaondoka. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa ameshavaa nguo za kazi, mundu mkononi. Akasema sawa, akaukung'uta mundu, akaingia ndani. Nilirudi nikiwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye togwa.

Togwa sikupika. Nilichemsha maji tu. Tangu juzi nimekuwa nakusanya kuni, nimechemsha, nimepoza, nimejaza ndoo kubwa yenye mfuniko, nikaweka kata safi juu na kuitia kwenye kivuli cha turubai katikati ya shamba, kila mtu aione. Nikasema kwa sauti, "Karibuni maji, jamani, yamechemka." Niliitikiwa asante kutoka huku na huku.

Jua lilipopanda walianza kupangusa jasho. Mke wa Gasper alisimama, akaitazama ndoo, akanitazama. Akashuka mtoni. Wa pili akamfuata, na wa tatu, wakapita pembeni ya ndoo, mmoja akakusanya kanga yake isiguse. Niliwasikia wanachota. Gasper, aliyelazwa kambini na dripu mbili, alichota kwa kofia. Wakarudi midomo imelowa, wakaendelea kuvuna. Hakuna aliyesema neno baya. Ni maji ya nyumba ile, basi.

Eustaki alikuja akanywa kata mbili mfululizo mbele yao wote, akarudi kwenye mstari wake. Hawakumtazama.

Mchana walishuka tena wote pamoja, wanawake mbele, wakiongea. Violeth alikuwa anavuna karibu yangu. Miezi yote hii wanawake wale wamempita kama kisiki. Akajinyoosha, akaweka mundu chini. Nikamwonyesha ndoo. Aliitazama, kisha akatazama chini kwenye matete ambako walikuwa wanaongea.

"Nakuja, mama," akasema, akawafuata.

Kutoka nilipokuwa nilimwona vizuri. Aliinama pembeni yao, akakusanya viganja, akanywa. Akachota tena, akanywa. Wote waliacha kuchota wakimtazama. Kisha mke wa Gasper akasogea akamwachia nafasi kwenye gogo, Violeth akakaa katikati yao, mtu akasema kitu ambacho sikukisikia, na nikamsikia mwanangu anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Sikumwita.